Sikio la Kushoto la Baba

Mtu asiyekulia penye minazi hawezi kuujua mlio wa nazi kavu inapoangukia paa la bati. Ni kishindo kisichopiga hodi. Bati hubaki likinung'unika, nazi ikabingirika polepole hadi ukingoni, kisha kuna kimya kidogo kabla haijatua mchangani. Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwa jirani yangu hapa Lindi mjini, tumekaa uani tunachambua mchele, mwanawe mdogo akicheza na punje zilizotumwagikia. Nazi ikaanguka juu ya paa. Jirani akacheka, akasema, "Haya, mboga ya kesho imejileta." Mimi sikucheka. Nilijikuta nimepiga magoti nyuma ya pipa la maji, mtoto wa watu nimemkumbatia, kiganja changu kimeziba kinywa chake.

Nilimwambia jirani nimeteleza. Hakuuliza zaidi. Lakini ninyi nitawaeleza, maana nimechoka kuteleza.

Nimezaliwa Mchinga, mimi ndiye mtoto wa kwanza wa Selemani na Somoe. Baba alikuwa askari. Nilipokuwa na miaka minane alikwenda Kongo kulinda amani, na mimi kwa akili zangu za wakati ule nilidhani amani ni kitu cha kushikika, kimewekwa ghalani huko, kinalindwa usiku na mchana kwa sababu kina wezi wengi. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu ndiye mwenye ufunguo.

Kabla ya safari ile Baba alikuwa mtu wa mizaha. Alimudu kuwika kama jogoo wa jirani hadi jogoo mwenyewe akamjibu. Alisonga ugali wa muhogo akijisifu kuwa Mama ndiye aliyemwoa yeye kwa ajili ya mkono wake. Aliporudi, baada ya mwaka na zaidi, alipokewa kwa vigelegele kutoka barabarani hadi mlangoni. Alimletea Mama vitenge, nyumba akailetea redio, na mimi akaniletea viatu vyekundu vilivyonibana, kwa sababu alinikumbuka kama nilivyokuwa alipoondoka. Mdogo wangu Hemedi, ambaye alimwacha akiwa mchanga wa kubebwa, alimtazama mara moja akaangua kilio. Watu walicheka. Baba naye alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo, kama mtu anayefuatisha wimbo asioujua.

Huko Kongo bomu lilikuwa limepasuka karibu naye. Sikio lake la kushoto lilikufa, na kwa ajili hiyo jeshi lilimwachia akaja kukaa nyumbani moja kwa moja. Jioni ya kwanza alinivuta nikae upande wake wa kushoto.

"Zuhura," aliniambia, "kuanzia leo wewe ndiye sikio langu la upande huu. Ukisikia kitu, uniambie."

Nilijivuna mno. Wenzangu walikuwa na baba wenye masikio mawili, lakini hakuna baba aliyewapa cheo.

Sikukawia kujua kwamba cheo kile kina kazi. Miaka ile walikuwako watu waliovua kwa baruti upande wa miamba, hasa asubuhi bahari ikiwa shwari. Ungesikia mlio mzito, si mkali, kama mtu amepiga mlango wa chini ya dunia kwa ngumi, na vikombe vikagongana kabatini. Sisi tulishazoea. Mama angesema tu, "Wameanza, wauaji wa samaki," akaendelea kukoroga uji. Lakini mlio wa kwanza uliomkuta Baba nyumbani ulimlaza chini. Nilikuwa nimekaa karibu naye nakunywa uji wangu. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu na Baba yuko sakafuni, kifua chini, shavu juu ya saruji.

Akainuka taratibu, akajipangusa. "Nimeangusha kitu," alisema.

"Umeangusha nini, baba?"

"Kifungo."

Nilitambaa chini ya meza nikitafuta kifungo. Nilikitafuta kwa bidii, naye akasimama ananitazama, jasho linamtiririka shingoni asubuhi ile ya baridi. Siku nyingine aliangusha sindano. Siku nyingine kijiti cha meno. Baada ya wiki chache nilielewa, kwa namna watoto wanavyoelewa, kwamba hakuna kilichoanguka. Basi nikawa natembea na kifungo mfukoni. Mlio ukitokea, nilikitupa sakafuni haraka, ili akiinuka niwe na kitu cha kumwokotea, asionekane mwongo mbele ya Mama. Yeye akakipokea, akanishukuru, akakitia mfukoni. Kwa hiyo vifungo vya nguo zangu vilikwisha kimoja kimoja, na Mama akawa anashangaa ni shule gani hiyo inayokula vifungo.

Mama alikuwa anajua, bila shaka. Bibi, mama yake Baba, naye alijua. Bibi alipenda kusema, "Mficha maradhi kifo humuumbua," ingawa yeye mwenyewe alificha jino bovu mwaka mzima hadi shavu likavimba kama andazi. Alimwita mwalimu wa madrasa, naye akasoma dua, akaandika kombe, aya za zafarani sahanini zilizooshwa kwa maji. Baba alilinywa kwa heshima, akasema ahsante, na kwa siku tatu nyumba ilitulia. Siku ya nne alikata mnazi wa kwanza.

Kwetu mtu hakati mnazi unaozaa. Ile mitatu ya uani aliipanda babu yangu, na Bibi aliijua kama watoto wake. Aliuona wa kwanza umeshalala chini. Ulipoangushwa wa pili alikuwa anakimbia kutoka kisimani, ndoo ameitupa njiani. Wa tatu, ulioinama juu ya nyumba, aliukumbatia, kanga imemdondoka mabegani, akamwambia mwanawe aanze na yeye.

"Mama, sioni njia," Baba alisema. Alisema kwa adabu, shoka mkononi. "Mtu akija kutoka kule, minazi inanizibia. Simwoni."

"Mtu gani, mwanangu?"

Aliliweka shoka chini akaenda kukaa ndani, uso mlangoni. Mnazi ule wa tatu ukabaki.

Baada ya hapo akaanza kuchimba nyuma ya jiko. Aliwaambia watu ni shimo la taka. Lakini shimo la taka huwa la duara, na hili lilikuwa refu na jembamba, limepinda katikati kama kiwiko, na kina chake kilimfika Baba kifuani. Watu waliopita njia ya kisimani walipunguza mwendo. Nilimsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Anachimba kaburi yule. Hatujui la nani." Sikumpelekea Baba maneno hayo. Yalikuwa maneno ya kwanza niliyoyasikia nikamficha.

Na mimi, Mungu anisamehe, nililipenda lile handaki. Ndani yake mlikuwa na ubaridi na harufu ya udongo mbichi na mizizi iliyokatwa. Baba alinifundisha kulala, kutambaa kwa viwiko, kukaa kimya nikihesabu hadi mia. "Lala!" nami nilale. "Tambaa!" nami nitambae, gauni la shule jekundu kwa udongo. Nilipofanya vizuri alinigusa utosini kwa kidole kimoja. Ndio mchezo pekee aliocheza nami tangu arudi, na sikutaka uishe. Hemedi, aliyekuwa karibu na miaka mitatu, hakuruhusiwa kuingia. Alikuwa mtu wa kelele, na Baba alisema kelele haiingii handakini.

Ikafika Idi Kubwa. Baada ya swala na nyama za asubuhi, Mama na Bibi walikwenda kupeleka sahani za pilau kwa ndugu zetu. Mimi na Hemedi tulibaki na Baba kwa kuwa Hemedi alikuwa amesinzia na kanzu yake mpya. Huko njiani watoto walikuwa wanapasua fataki. Baba alikaa kitini, mikono imeshika magoti, na kila fataki ilipolia niliona vidole vyake vinazama katika suruali. Nilitupa kifungo. Hakukiangalia.

Hapo ndipo nazi ilipoanguka kwenye bati, kutoka ule mnazi wa tatu.

Sikumbuki kutoka nje. Nakumbuka mwimo wa mlango ukinipiga bega, kisha udongo wa baridi mgongoni. Tulikuwa handakini wote watatu, pale kwenye kiwiko. Baba alikuwa amechutama na panga mkono wa kulia, na mkono wa kushoto amemkumbatia Hemedi, kiganja kimefunika kinywa chake. Kiganja cha Baba kilikuwa kikubwa. Kilifunika kinywa na pua pia.

"Unasikia nini?" aliniuliza kwa mnong'ono.

"Sisikii kitu, baba."

"Wako kwenye minazi. Sikiliza vizuri. Furaha, usitoke. Nimekwambia usitoke."

Mimi jina langu si Furaha. Nilitazama nyuma yangu kama kuna mtoto mwingine.

Huko juu watu walikuwa wameshakusanyika. Jirani mmoja alikuwa ametuona tukiburutwa, akapiga ukunga. Nilisikia miguu, nikasikia sauti ya Mjomba Bakari, kaka yake Mama, akisema, "Leteni kamba. Mmoja apite upande wa huku." Kila neno lililosemwa juu lilimfanya Baba akaze mkono. Hemedi alirusha miguu, akapoteza kiatu kimoja. Macho yake yalikuwa makubwa, yananitazama mimi, si Baba.

Kisha nikasikia sauti ya Mama, na haikuwa ya kupiga kelele. Aliwaambia watu wasogee nyuma. Alikaa chini ukingoni, na gauni lake la Idi, miguu ameikunja upande kama aliyekuja kutembelea wagonjwa.

"Hodi," alisema.

Akarudia taratibu.

"Hodi, Baba Zuhura. Hodi wenyewe."

Baba alikunja uso, akageuza kichwa kuniletea lile sikio lililokufa, kama kawaida yake alipotaka nimsikilizie. Hemedi alikuwa ameacha kurusha miguu. Nikaitazama kanzu yake kifuani, haikuwa inapanda wala kushuka.

Sikufikiri. Nilisogea hadi midomo yangu ikagusa sikio la Baba, ingawa lilikuwa halisikii, kisha nikakumbuka, nikazunguka upande wa pili nikasema kama alivyonifundisha kutoa taarifa, "Wameondoka, afande. Nawasikia wanaondoka. Wamefika barabarani. Wamekwisha."

Alinitazama. Sijui kwa muda gani.

"Wote?"

"Wote, baba."

Kiganja kikafunguka. Hemedi alivuta pumzi kwa sauti ambayo hadi leo nikiisikia mahali, hata kwenye pampu ya maji, nasimama. Halafu akalia, na kilio chake nilikipenda kuliko vigelegele vyote.

"Karibu," Baba alimjibu Mama, polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akaliweka panga chini.

Alipotoka, Mjomba Bakari na vijana wawili walikuwa na kamba tayari. Mama alisimama katikati, Hemedi amening'inia shingoni mwake. "Bakari, wamefungwa mbuzi wa kutosha leo," alisema. "Huyu ni mume wangu." Kamba haikufungwa. Baba hakumwona hata mmoja wao. Alikuwa anatazama alama za vidole vyake kwenye mashavu ya mwanawe.

Baada ya siku ile nyumba yetu ilikuwa kama nyumba yenye maiti ambayo haijazikwa. Baba alihamia banda la kuni. Hakula na sisi. Hemedi akipita, yeye aliondoka mahali pale, hata kama ni juani, akaweka mikono nyuma. Alifukia handaki peke yake, nami aliponiona naleta jembe la kumsaidia alisema, "Kaa mbali nami, Zuhura." Hakuniita tena upande wa kushoto. Nilidhani ananiadhibu kwa ajili ya uongo wangu. Mama alihesabu visu kila jioni, akavilaza chini ya godoro lake, na kamba ya kisimani ilipokosekana siku moja, alikimbia kwenda banda la kuni bila viatu. Kamba ilikuwa kwa jirani. Mama alikaa chini palepale mlangoni mwa banda, akashindwa kuinuka hadi Bibi alipomshika mkono.

Nadhani ni Mama aliyepiga simu. Kwa sababu baada ya siku chache alikuja mtu kutoka Rondo kwa pikipiki, amefunga kiroba cha mbaazi nyuma, mtu mrefu mwenye msalaba mdogo shingoni. Aliitwa Lukasi. Walikuwa pamoja Kongo. Hakuingia nyumbani, alikwenda moja kwa moja hadi banda la kuni, akakaa mlangoni juu ya gogo. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko natwanga, na mchi wangu ulikwenda taratibu sana.

"Sele, umekonda," alisema.

"Nimeumiza mtoto."

"Nimeambiwa." Akavunja kijiti. "Mimi nilimvunja mkono mama yangu mzazi. Alikuja kuniamsha, nikadhani ni mtu mwingine. Hilo wewe hukuambiwa."

Ndani ya banda kuni zilisogea.

"Kila mwezi nateremka hospitali mjini. Kuna chumba, kuna muuguzi, mama mtu mzima. Ananiuliza, namwambia. Napewa vidonge. Kuna siku nachukia kwenda, lakini nakwenda."

"Mimi si kichaa, Lukasi."

"Nani amesema kichaa? Malaria ilipokulaza kule, ulikunywa dawa au ulibishana nayo?" Kisha akapunguza sauti, nami nikaacha kutwanga kabisa. "Sele, nilikwenda kumzika Hamza wa kikosi chetu. Nimekwenda kumzika na yule wa Nachingwea. Kwako sitaki kuja kuzika. Petroli ya kuja huku ni ghali."

Nilimsikia Baba akitoa sauti. Sikuielewa. Nilidhani anacheka, na pengine kulikuwa na kicheko ndani yake.

Walikwenda asubuhi iliyofuata, Baba katikati ya Lukasi na Mama, na mimi nikaenda kwa kuwa Baba alisimama kizingitini akakataa kutoka hadi akasema, bila kunitazama, "Na Zuhura." Muuguzi alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi na chupa ya chai mezani. Alinimiminia kikombe, akanipeleka benchi ya nje, akafunga mlango. Nilikaa pale hadi jua likahama kutoka miguuni hadi ukutani. Watu walipita, wakasoma kibao cha mlangoni cha afya ya akili, wakanitazama mimi, na nikaona aibu, kisha nikawakazia macho mpaka wakaona wao.

Aliyoyasema Baba ndani sikuyajua hadi nilipokuwa mtu mzima. Mama alinisimulia. Langoni mwa kambi yao huko palikuwa na msichana wa rika langu akiuza karanga za kukaanga, jina lake Furaha. Siku waliposhambuliwa, Baba alimkuta njiani, akamwingiza katika mtaro, akamwambia alale na asitoke. Msichana alitii. Bomu liliangukia mtaroni.

Haikwisha siku ile, nisiwadanganye. Yapo maradhi ambayo hayaagi. Kuna mwaka Baba aliacha vidonge, akasema amepona, na Mama akaanza tena kuvihesabu visu. Lukasi akaja tena na pikipiki yake. Lakini baruti baharini zilipigwa vita hadi zikanyamaza, na Baba anateremka mjini kila mwezi, akimaliza hupita kwangu kunywa chai. Hemedi sasa ni kijana, ana ndevu tatu anazozitunza kama bustani. Anasema hakumbuki chochote. Lakini hajawahi kukaa karibu na Baba kiasi cha kufikiwa na mkono, na sidhani kama mwenyewe anajua.

Mwezi uliopita Baba alipokuja, na Hemedi naye akiwa kwangu, nilimwomba Baba radhi kwa uongo wa siku ile. Nilikuwa nimeubeba miaka yote, kwamba aliniamini kuwa sikio lake nami nikamdanganya.

Alikiweka kikombe chini. "Nilijua unadanganya," alisema. "Sikio la kulia lilikuwa zima, mwanangu. Nilikuwa namsikia mama yako vizuri."

"Sasa mbona ulitii?"

"Askari hatoki handakini bila amri. Nilikuwa nasubiri mtu anipe. Wote pale juu walikuwa wananiogopa tu."

Mtoto mimi nilidhani nimemhadaa mtu mwenye nguvu. Kumbe palikuwa na mtu anayezama, anajua kuwa anazama, na hawezi kunyoosha mkono mpaka mtu amwambie kwamba inaruhusiwa. Ndivyo alivyokuwa kwa Lukasi pia, na kwa yule muuguzi. Hakuna siku hata moja aliyoomba msaada. Alisubiri aamriwe.

Nikamuuliza lile ambalo pengine nisingemuuliza. "Na kama nisingesema?"

Baba alitazama nje, ambako Hemedi alikuwa ameinamia gurudumu la baiskeli, ametugeuzia mgongo.

"Usiniulize, Zuhura," alisema.

Na mimi sijauliza tena.